Twisheni ya mtoto mmoja mmoja: tusahihishe hatua, sio jibu (walimu na wazazi wa Arusha na Moshi karibuni)

#1 Kaunta_Buku (Sakina, Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Shule zikikaribia kufunga mwezi wa 6 simu za wazazi huwa hazikatiki: "Mwalimu, naomba uje umshike mwanangu hesabu." Uzi huu unahusu kinachofuata baada ya simu hiyo. Ukishakaa mezani na mtoto mmoja, unafanya nini ambacho mwalimu mwenye watoto 70 mbele yake hawezi kukifanya? Maana twisheni nyingi za nyumbani ni darasa lile lile lililohamia sebuleni: mwalimu anaongea, mtoto ananakili, mwisho wa mwezi mzazi analipa.

Ninachokisimamia ni hiki. Faida ya kumfundisha mtoto peke yake ni kuuona kila mstari wakati anauandika. Jibu la mwisho hata mwalimu wa darasa analiona akisahihisha madaftari. Pale mtoto alipopotea haoni, na hawezi kulaumiwa.

Chukueni swali hili: 2x − 3(x − 4) = 7. Jibu ni 5. Sasa tazameni majibu mabovu. Aliyepata −11 amezidisha 3 kwa x tu, ile 4 akaiacha ilivyo, akaandika 2x − 3x − 4 = 7. Aliyepata −19 amezidisha vyote viwili ila kwake hasi mara hasi bado ni hasi, akaandika 2x − 3x − 12 = 7. Aliyepata −5 amefungua mabano vizuri kabisa, kafika −x = −5, akakwama mlangoni. Darasani wote watatu wanapewa kosa moja na kuambiwa "rudia milinganyo". Huyu wa tatu hana shida na milinganyo hata kidogo, na ukimwanzishia mada upya unampotezea jioni nzima.

Kwa hiyo mambo ya kukaa yana maana kubwa kuliko tunavyoyachukulia. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia, kaa kushoto kwake. Ukikaa kulia, mkono wake unaziba maandishi. Ukikaa mbele yake unasoma kichwa chini miguu juu, na hadi uelewe alichoandika ameshavuka mistari miwili. Kalamu ni yake muda wote. Ukitaka kuonyesha mfano, andika kwenye karatasi yako, mweleze, kisha iondoe mezani ndipo ajaribu mwenyewe. Usiandike kwenye daftari lake hata mara moja. Ukishaandika humo, baada ya wiki hakuna anayejua kipi kilitoka kichwani mwake na kipi kilitoka kwako.

Siku ya kwanza usifundishe. Mpe maswali 20, dakika 40, bila kikotoo, yaliyopangwa kuanzia ya darasa la 5 hadi mada aliyonayo shuleni sasa. Maswali yachaguliwe kwa sababu yana kosa linalojulikana. Mifano:

302 − 178. Anayepata 276 anatoa kidogo kwenye kikubwa kila safu, bila kuazima (sahihi ni 124).
1/2 + 1/3. Anayepata 2/5 anajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini.
0.3 × 0.2. Anayepata 0.6 hajui nukta inahamaje.
−7 + 3. Anayepata −10 anaona alama mbili na kujumlisha tu.
3/4 ÷ 1/2. Anayepata 3/8 kasahau kugeuza.
450 cm² ziwe m². Anayepata 4.5 amegawa kwa 100 badala ya 10,000. Huyu atalia kwenye fizikia pia.

Akimaliza, usianze kusahihisha. Chukua aliyokosa pamoja na mawili aliyopata, mwambie "nionyeshe ulivyofikiri", halafu nyamaza. Aliyopata unayauliza kwa sababu jibu sahihi linaweza kupita njia mbovu. Yupo mtoto anayerahisisha 16/64 kwa kufuta 6 ya juu na 6 ya chini, anabaki na 1/4. Jibu ni sahihi, njia haipo. Kesho ukimpa 13/39 ataganda, au atafuta 3 na 9 kwa namna yake.

Ukishapata picha hiyo, anza na kosa la ngazi ya chini kabisa, hata kama mtoto yuko kidato cha 4. Karibuni mchangie.

#2 Mama_wa_Njiro

Asante mwalimu kwa uzi. Nina swali hapo mwisho. Mtoto yuko kidato cha 3, anapata ishirini na kitu. Mwalimu anayekuja nyumbani anampa sehemu na namba hasi, vitu vya darasa la 6 na kidato cha 1. Shuleni wako kwingine kabisa. Si atazidi kuachwa?

#3 Kaunta_Buku

Mama, hofu yako ni ya haki. Mwalimu akirudi nyuma peke yake bila kugusa cha shuleni, mtoto anaendelea kufeli majaribio ya kila wiki na anakata tamaa kabla pengo halijazibwa. Dawa ni kugawa kipindi: kwa dakika 90, kama 50 ziende kwenye pengo na 40 kwenye mada ya shuleni. Na pengo lichaguliwe kutokana na mada hiyo hiyo, yasiwe mambo mawili yasiyojuana.

Mfano ni logariti. Swali linataka kipeuo cha pili cha 0.0045 kwa kutumia jedwali. Log ya 4.5 ni 0.6532, kwa hiyo ya 0.0045 ni baa 3 nukta 6532 (yaani −3 + 0.6532, baa ni hasi ya namba ya mbele tu). Kugawa kwa 2 ndiko wengi wanakozama: wanagawa 3 kwa 2, wanapata moja na nusu, na hapo kila kitu kimeharibika. Inatakiwa baa 3 igeuzwe kuwa baa 4, na sehemu ya nyuma iongezewe 1 iwe 1.6532. Nusu yake ni baa 2 nukta 8266, ambayo ukiirudisha kwenye jedwali unapata 0.0671. Mtoto asiyejua kwamba −3 ni sawa na −4 + 1 hawezi kuelewa hatua hiyo hata ukiirudia mara kumi. Ukimfundisha namba hasi kwa njia ya swali hili, umeziba pengo na umemsaidia kazi ya kesho shuleni.

Muulize mwalimu wako swali moja tu: "Hizi sehemu na hasi zinamsaidia kwenye mada gani ya sasa?" Akikujibu kwa mfano kama huo, mwache afanye kazi yake.

#4 Mwl_Rau (Moshi)

Uzi mzuri, aika sana mkuu. Naongezea kuhusu kipindi chenyewe, maana wengi tunaingia bila mpango.

Dakika 10 za kwanza ni za kukumbuka, daftari likiwa limefungwa. Maswali 5: mawili ya kipindi kilichopita, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Usimruhusu afungue notsi. Kazi ya kuvuta jibu kutoka kichwani ndiyo inayokaza kumbukumbu. Kusoma tena notsi kunampa mtoto hisia kwamba anajua, na hisia hiyo inakufa chumba cha mtihani.

Kitu kipya kifundishwe kwa mifano inayopungua. Mfano wa kwanza unaufanya wewe wote, kila hatua ukiitaja kwa sauti. Wa pili unauandika na kuacha hatua ya mwisho, anamalizia yeye. Wa tatu unaacha hatua mbili za mwisho. Wa nne unampa mstari wa kwanza tu, wa tano hana kitu isipokuwa swali. Watu wengi wanaruka kutoka mfano wa kwanza kwenda wa tano. Mtoto anasema "nimeelewa", kwa sababu kweli alipokuwa anakutazama alielewa, halafu peke yake anashindwa kuanza.

Baada ya hapo changanya. Ukimpa maswali 10 ya aina moja, kuanzia la tatu hafikiri tena, anarudia mkono. Weka ya mabano, ya sehemu na ya uwiano yakiwa yamechanganyika ili kila mara aamue kwanza "hili ni swali la aina gani". Atapunguza kasi na atakosa zaidi siku hiyo. Msiogope, na mzazi aelezwe mapema asije akadhani mtoto anarudi nyuma.

Dakika 10 za mwisho mtoto anakufundisha wewe. Nawashauri muwe na ubao mweupe mdogo na maka peni kwa kazi hiyo. Muulize "kwa nini umegeuza alama hapo?" Akijibu "kwa sababu ndio sheria", hujamaliza hiyo mada.

#5 Chaki_Moshono

Naunga mkono #4 karibu yote, ila naomba kuongezea kidogo kuhusu ukimya, maana hapo ndipo walimu tunaharibu.

Mtoto akinyamaza, mwalimu anaongea. Sekunde mbili hazijaisha umeshampa hatua inayofuata. Mtoto anajifunza haraka sana kwamba akikaa kimya na kukutazama usoni, msaada unakuja. Hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla hujafungua mdomo. Ukifungua, usitoe hatua. Toa swali, na maswali yaende kwa ngazi: Kinatafutwa nini hapa? Umepewa nini? Umeshawahi kuona linalofanana na hili? Ungeanza na nini kama namba zingekuwa ndogo? Ukifika hapo bado kimya, ndipo unatoa mfano mwingine kamili wenye namba tofauti, sio hatua ya swali hili.

Na jambo la pili: usitazame macho ya mtoto wakati anafikiri, tazama karatasi. Watoto wanasoma uso wa mwalimu. Ukikunja uso kidogo anafuta, ukitabasamu anaendelea. Ataonekana anajua, kumbe anakufuata wewe. Kwa hiyo "una uhakika?" iulizwe hata pale alipopata. Ukiiuliza anapokosa tu, swali lenyewe limeshakuwa jibu.

Halafu ufutio. Kwangu ufutio haukai mezani. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, libaki linasomeka, kwa sababu ndiyo rekodi yako ya jinsi mtoto anavyofikiri.

#6 Dada_Kiboriloni

Wakuu mmezama kwenye hesabu za sekondari, na mimi nashukuru kwa yote. Niongeze watoto wadogo, darasa la 2 na la 3 wasiosoma vizuri, maana hao wanaletwa twisheni ya "masomo yote" wakati tatizo ni moja tu: hawasomi.

Usimpe kipindi cha dakika 90. Dakika 25 hadi 30, mara nne au tano kwa wiki, zinatosha na zinazidi Jumamosi nzima.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni kama anasoma au amekariri ukurasa. Wengi wanaimba kitabu chote kwa sababu wamekisikia. Mwambie asome sentensi kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Anayesoma atapunguza mwendo lakini atafika. Aliyekariri atasimama hapo hapo.

Kisha pima silabi kwa kadi. Kata karatasi ya A4 vipande 16, andika silabi moja kila kipande. Anza na za konsonanti moja (ma, ke, ti, lo, su), kisha za konsonanti mbili (mba, nde, sho, chu, nya), kisha zile nzito (mbwa, nywe, ng'o, shwa, ndwe). Zipange mezani mafungu matatu: anayosema papo hapo, anayofikiria, asiyoyajua. Fungu la kati ndilo la kufanyia kazi leo. Kadi 4 tu kwa siku, si zaidi. Kila kadi ipate maneno matatu yenye silabi hiyo anayoyajua kwa kusikia. Kadi ya mbwa, kwa mfano: mbwa, kuombwa, kuimbwa. Neno asilolisikia mtu akilisema ni ovyo. Tafuta maneno ya nyumbani kwao.

Kosa kubwa la wazazi na walimu hapa ni kumrukia mtoto akichelewa. Anaanza "ka... ka...", na wewe unamalizia "kalamu!" Umesoma wewe. Na lile la b na d: usimfundishe herufi zote mbili siku moja. Kaza b wiki nzima hadi iwe ya papo hapo, ndipo ulete d peke yake, halafu uzichanganye baadaye.

Akifika mahali anasoma aya ya maneno 50 bila kusimama kila neno, mwambie afunge kitabu akusimulie. Asipoweza kusimulia, bado anahangaika na herufi, na maana ya aya haijamfikia. Rudia aya hiyo hiyo kesho.

#7 Pasua_Moshi

Nauliza kwa ajili ya wanaoanza kidato cha 1 wakitokea shule za msingi za Kiswahili. Hesabu anaijua, ila swali la maneno kwa Kiingereza linamwangusha. Mnamfundisha kwa lugha gani?

#8 Mwl_Rau

Mkuu, kueleza tumia Kiswahili, kuandika tumia lugha ya mtihani. Tatizo linakuja mwalimu anapoeleza kwa Kiswahili na mtoto akaandika kwa Kiswahili, halafu Novemba anakutana na karatasi ngeni.

Swali la maneno lipite hatua nne, na mtoto azifanye zote kwa mdomo na kalamu. Anasoma kwa sauti kwa Kiingereza. Anapigia mstari kila namba na kila neno linaloziunganisha namba hizo. Anasema kwa Kiswahili chake mwenyewe swali linataka nini. Ndipo anaandika mlinganyo.

Maneno yanayoangusha hayazidi dazeni tatu hivi, na karibu yote ni madogo. "5 less than a number" wengi wanaandika 5 − x kwa kufuata mpangilio wa maneno, wakati ni x − 5. "At most 20" wanadhani ni kubwa kuliko 20. "Hence" wanaipita kama haipo, kumbe inawaambia watumie jibu la sehemu iliyotangulia. Andika maneno matano kila kipindi kwenye kadi, upande mmoja sentensi nzima ya mtihani, upande wa pili ishara ya hesabu. Sentensi nzima, sio neno peke yake, na upande wa pili usiweke tafsiri ya Kiswahili. Unataka akiona sentensi akili iende moja kwa moja kwenye ishara.

#9 Kijenge_Juu

Naomba niweke kidogo upande wa utafiti, kwa sababu kuna namba inazungushwa sana kwenye matangazo ya twisheni.

Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake aliwapita takriban asilimia 98 ya wanafunzi wa darasa la kawaida. Ni tofauti ya mikengeuko sanifu 2 (kipimo cha jinsi alama za wanafunzi zinavyotawanyika kuzunguka wastani), kubwa mno. Kinachosahaulika ni kwamba wanafunzi hao hawakuvushwa mada hadi wapimwe na kuonyesha wameiweza. Kwa maneno mengine, mwalimu wa peke yake alikuwa sehemu ya mfumo, sio mfumo wote. Mwaka 2011 Kurt VanLehn alikusanya tafiti nyingi zilizofuata akapata faida ya kama 0.79 kwa kipimo hicho hicho. Bado ni kubwa kwa mambo ya elimu, ila si 2.

Na kitu muhimu zaidi kwenye kazi ya VanLehn kinamuunga mkono mwenye uzi. Programu za kompyuta zilizokuwa zinamsahihisha mwanafunzi kila hatua zilikaribia sana walimu wa binadamu, 0.76. Zilizosahihisha jibu la mwisho tu zilikuwa nyuma kwa mbali. Mwalimu anayekaa na simu yake pembeni huku mtoto anafanya maswali 10, kisha anapitisha vema na kosa mwishoni, ameitupa ile sehemu inayofanya twisheni iwe na thamani.

#10 Chaki_Moshono

Hilo la kupimwa kabla ya kuvushwa tulichukue kwa uzito. Utaratibu rahisi: mada haifungwi hadi apate 8 kati ya 10 siku mbili tofauti, na siku ya pili iwe angalau wiki moja baada ya ya kwanza. Akipata 8 leo umemfundisha leo tu. Wiki ijayo ndiyo inasema kama kimebaki.

#11 Mama_wa_Njiro

Walimu, nashukuru sana. Na wa kidato cha 4 walioshika F ya hesabu na mtihani ni Novemba? Inawezekana kufanya kitu?

#12 Kaunta_Buku

Inawezekana Mama, ila kwa hesabu ya alama, sio kwa matumaini.

Madaraja ya NECTA kidato cha 4: F ni 0 hadi 29, D 30 hadi 44, C 45 hadi 64, B 65 hadi 74, A kuanzia 75. Mtoto mwenye 18 asiambiwe habari ya A. Lengo la kwanza ni 30, la pili ni 45.

Pepa ya hesabu kwa muundo wa miaka ya karibuni ina maswali 14 ya kujibu yote kwa saa 3. Sehemu A ni maswali 10 ya alama 6, sehemu B ni 4 ya alama 10. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa 2024 unaingia kwa awamu, kwa hiyo kila mwaka thibitisheni fomati ya mtoto wenu kwenye tovuti ya NECTA kabla ya kupanga chochote. Kwa muundo huo, dakika 10 kila swali la A na 17 kila swali la B zinakula 168, unabaki na 12 za kupitia. Maswali matano ya A yaliyokamilika ni alama 30.

Sasa chagua mada. Kwa mtoto mwenye mapengo mengi, anza na zile zisizotegemea mnyororo mrefu: seti, takwimu, matrisi, hesabu za biashara. Hizi unaweza kuzifundisha zikakaa bila kujenga upya miaka mitatu. Trigonometria na miduara hukaa vizuri kwa mtoto ambaye aljebra yake imeshatengemaa, vinginevyo unamwongezea hofu.

Pasti pepa zina mpangilio wake. Miezi ya kwanza zitumike kwa mada: kata maswali yote ya takwimu ya miaka kadhaa, yafanye pamoja, mtoto ataona sura zinavyojirudia. Pepa nzima kwa saa zianze wiki 8 kabla, moja kwa wiki, siku ile ile na saa ile ile, simu ikiwa chumba kingine. Pepa za miaka miwili ya mwisho zifiche tangu mwanzo. Ukizitumia mapema huna tena kipimo cha kweli.

Afundishwe pia kuokota alama za njia. Mtoto dhaifu akikwama anafuta kila kitu na kuacha ukurasa mweupe. Fomula iliyoandikwa, namba zilizoingizwa, mchoro wenye vipimo, vyote vinaweza kumpa alama hata jibu likikataa. Ukurasa mweupe ni sifuri.

#13 Pasua_Moshi

Na upande wa makubaliano na wazazi? Hapo ndipo walimu wengi wazuri wanachoka na kuacha.

#14 Dada_Kiboriloni

Kweli kaka. Kwanza saa zako zihesabu zote. Kipindi cha dakika 90, maandalizi na kusahihisha dakika 30, safari kwenda na kurudi saa 1: hizo ni saa 3. Bei unayoitaja igawe kwa 3, sio kwa moja na nusu, ndipo utajua kama inakulipa. Nauli iwe ndani ya bei, usiidai pembeni kila siku.

Panga wanafunzi kwa njia. Arusha, wa Sakina na Ngaramtoni siku moja, wa Njiro na Themi siku nyingine. Moshi, wa Shanty Town na KCMC pamoja, wa Soweto na Pasua pamoja. Ukiwachanganya, jioni yako inaishia kwenye daladala. Machi hadi Mei ni masika, ongezeni nusu saa kati ya nyumba na nyumba, hasa kule barabara ni za udongo.

Malipo yawe kwa vipindi, 8 au 12, sio "kwa mwezi". Mwezi una wiki za misiba, mafua na safari za kijijini, na hapo ndipo lawama zinazaliwa. Mzazi anayeahirisha aseme kabla ya saa 3 usiku wa jana yake, vinginevyo kipindi kinahesabika. Hilo liandikwe kwenye karatasi moja, kila mtu abaki na nakala.

Na hili sitalizunguka: mtoto afundishwe sebuleni au barazani, mlango wazi, mtu mzima wa nyumbani akiwepo. Kamwe si chumbani. Ukifika ukakuta mtoto yuko peke yake, mpigie mzazi na uondoke. Inamlinda mtoto kwanza, na inakulinda wewe. Mawasiliano ya simu pia yapite kwa mzazi.

#15 Kijenge_Juu

Niongeze: mwalimu wa shule asimfundishe kwa malipo mtoto wa darasa lake mwenyewe. Hata ukiwa mwaminifu kiasi gani, mzazi ataanza kujiuliza kama asipolipa mtoto atafundishwa vizuri darasani. Mwelekeze kwa mwenzako.

#16 Mama_wa_Njiro

La mwisho kwangu. Nina wawili, wa kidato cha 1 na cha 3. Mwalimu anaweza kuwachukua pamoja ili gharama ipungue? Na nitajuaje kama inafanya kazi bila kusubiri ripoti ya shule?

#17 Kaunta_Buku

Pamoja kwa wakati mmoja hapana, Mama. Mwalimu atakuwa anaangalia kalamu moja huku nyingine inakosea. Ila wanaweza kufuatana: dakika 60 mmoja, 60 mwingine, na yule anayesubiri afanye maswali 5 ya kukumbuka peke yake. Safari ya mwalimu inakuwa moja, na hapo una haki ya kuomba punguzo.

Kujua kama inafanya kazi, usiangalie wingi wa kurasa. Omba daftari la makosa. Ni kaunta buku ya kawaida, kila ukurasa una safu tano: tarehe, swali, hatua aliyokosea, kwa nini alidhani ni sahihi, na tarehe za kurudia. Safu ya nne inaandikwa na mtoto kwa maneno yake. Kosa linarudiwa kesho yake, baada ya siku 3, baada ya siku 7, na baada ya wiki 3, kila mara kwa namba mpya. Akilipata mara zote nne, linakatwa.

Kila Jumapili fungua daftari hilo, chagua kosa moja lililokatwa la mwezi uliopita, badilisha namba, mpe mtoto alifanye mbele yako. Si lazima ujue hesabu yenyewe. Mwambie mwalimu akuandalie hizo namba mpya na akuachie majibu yake kwenye bahasha. Ukifanya hivyo Jumapili nne na akapata tatu au nne, endelea na mwalimu huyo. Akipata moja, mwiteni mkae wote watatu na daftari likiwa mezani, mwangalie ni hatua ipi inarudi.

#18 Mama_wa_Njiro

Bahasha nimeipenda. Naanza Jumapili hii. Mwalimu, hilo daftari ni kwa hesabu tu au na fizikia?

#19 Kaunta_Buku

Fizikia na kemia pia, ila kaunta buku tofauti. Kwenye fizikia ongeza safu ya vizio, maana nusu ya makosa yako hapo: cm ambazo hazijageuzwa kuwa m, gramu ambazo hazijawa kilo. Kwenye kemia fuatilia kusawazisha milinganyo. Mtoto anayebadilisha namba ndogo ya chini badala ya kuweka namba mbele ameunda kitu kingine kabisa, H₂O imekuwa H₂O₂. Kosa hilo liandikwe siku ya kwanza linapoonekana.